Njia ya gari Mikindani: kokoto, zege au pevingi?

Ndugu, nimekuelewa: unataka kutengeneza njia ya gari ya mita 20 toka getini, mchanga unanasa gari, na hutaki kitu cha kukula hela kila mwaka.

Kokoto ni nafuu leo, ila kwenye mchanga wetu zinazama. Mimi nilikuwa naongeza lori kila mvua zikiisha, mpaka nikachoka. Zege la sentimita 10 linadumu, lakini siku ukitaka kupitisha bomba, unavunja. Ningekuwa wewe ningeweka pevingi (vitofali vya zege vya kupanga chini) za unene wa milimita 60: zinazobonyea unang'oa, unasawazisha, unarudishia. Nunua kwa wafyatuaji wa jirani, usafiri usikumalize. Usibane hela kwenye kushindilia moramu (udongo wa changarawe unaowekwa chini ya pevingi) na kujengea kingo za pembeni. Ukibana hapo, ndipo pevingi zinapoachiana. Kama ardhi inateremkia nyumbani, muite fundi sanifu apime maji yatapita wapi kabla hujanunua chochote.