Jibu: Matembezi ya mizuka Whitby na mtoto

Mkuu, umeuliza kama matembezi ya usiku ya hadithi za mizuka kule Whitby, Uingereza, yanamfaa mtoto wa miaka 9. Kama mtoto huwa halali bila taa kwa kuogopa giza, muulize kwanza kiongozi. Vinginevyo nenda naye, kazi kubwa ni kutembea na kusikiliza. Kinachotisha kweli ni zile ngazi 199 za kupandia kanisa la St Mary's, na upepo wa huko juu! Jirani yake kuna magofu ya abasia, mahali palipoanzishwa nyumba ya watawa mwaka 657. Hapo msimulizi hahitaji kutia chumvi. Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya mnyonya damu Dracula, alikaa mjini humo 1890, basi Dracula hamtamkwepa. Vaeni viatu visivyoteleza, mkae karibu na msimulizi. Upepo humeza maneno.