Muulize Mjomba: kadi za maharamia zimefika Mtwara

Wapwa zangu habari za siku nyingi. Safari hii meseji zenu karibu zote zimeegemea upande mmoja, nafungua simu ni kadi, nafunga ni kadi, kwahiyo nimeamua nizijibu kwa pamoja, yale ya mipaka ya mashamba na mirathi tutayarudia toleo lijalo msininunie. Kwa ambaye hajui tunaongelea nini, kuna mchezo unaitwa One Piece Card Game, wa kampuni ya Bandai ya Japani, umetoka 2022, na picha zake ni za ile katuni ya maharamia ambayo vijana wanaiangalia kwenye simu mpaka bando linakata. Kila mtu anakuja na kadi zake alizozipanga mwenyewe, huo mpangilio ndo wanauita deki, anakaa na mwenzie mezani wanapambana. Walianza wachache pale Shangani, sasa hivi kuna kijiwe Mikindani na maswali yanatoka mpaka Masasi na Lindi.

*Mjomba wa watoto, za kazi. Mi naishi Chuno, mwanangu wa kwanza yuko kidato cha pili. Siku hizi Jumamosi haonekani, yuko kwenye baraza za watu na wenzie wanacheza karata, nikimsema ananijibu mama hizi sio karata. Jirani kaniambia hiyo ni kamari, halafu ni mambo ya mashetani, na kweli kuna kadi moja niliiona ina mtu ana mapembe. Nimezikusanya zote nimezifungia kabatini, mtoto kaninunia. Nifanyeje? Mama wa watatu, Chuno.*

Dada yangu, nzuri tu. Tuanze na huyo wa mapembe tummalize, anaitwa Kaido, ni haramia kwenye katuni, mlevi na mkorofi lakini hana uganga wowote, na mapembe yake hayana tofauti na ya vinyago vingi tu vya mababu zetu vya kimakonde ambavyo watalii wanavinunua kwa hela nyingi.

Kwenye kamari ndo pa kukaa tuongee, maana jirani yako hajaongea utoto. Mezani kwenyewe hamna kamari. Mtu akishinda habebi hela wala kadi ya mwenzie, wanachanga kadi wanaanza upya. Bahati ipo kwenye kadi gani utavuta, hilo kweli, ila kazi kubwa ni hesabu: kiongozi wako, yaani ile kadi kuu unayoilinda, ana nguvu 5000, mwenzio kakushambulia na 7000, mkononi una kadi za kujilinda za 1000 na 2000, utoe zipi sasa hivi na zipi ubaki nazo kwa shambulio linalofuata. Mwanao anajumlisha na kutoa maelfu kichwani mchana kutwa, bila kulipwa na bila kuchapwa, mi ningekuwa mwalimu wake ningefurahi.

Ila kuna upande wa pili na sikufichi. Kadi hizi zinauzwa kwenye pakiti iliyofungwa, ya Kiingereza ina kadi 12, na hujui ndani kuna nini mpaka uichane. Kuna kadi za kawaida tele na kuna za adimu chache. Mtoto akiipata adimu mara moja, moyo unamwenda mbio, kesho anataka pakiti nyingine, keshokutwa mbili. Hapo pana harufu ya kubahatisha kabisa. Na sio hawa walioanza, michezo ya kadi za namna hii ilianza 1993 na Magic: The Gathering ya Mmarekani Richard Garfield, Pokémon wakaja na yao Japani 1996, wote wanauza hivyo hivyo. Kwahiyo macho yako yawe kwenye hela ya pakiti kuliko kwenye meza. Na jambo la pili, wakianza kuchanga hela mshindi azibebe zote, hapo mchezo umeshabadilika jina, hilo ni dau, na sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya 2003 inamlinda mtu wa chini ya miaka 18 asiingizwe humo. Kama unataka kujua dini inasemaje muulize shehe wako au padri wako, mi sina kilemba.

Ushauri wangu, zitoe kabatini. Kabla ya kumrudishia nenda Jumamosi moja kakae pale barazani uone mwenyewe, uone mkubwa ni nani, hela inatembea au haitembei, wanaondoka saa ngapi. Kama unaona aibu kukaa na vitoto, kwetu si mjomba ndo huitwa mtoto akisumbua, mtume kaka yako. Halafu muwekeane, pakiti ni kwa hela ya zawadi, akifaulu au sikukuu, sio hela ya daftari na sio chenji ya unga.

*Mambo mjomba. Huku Masasi tuko wanne, tunaujua mchezo kwa kuangalia video tu, hatuna hata kadi moja. Mmoja wetu anasema msimu huu wa korosho tuchange tununue boksi zima la pakiti tulifungue tugawane. Mi roho inasita. Mpwa, Masasi.*

Roho yako ina akili, isikilize. Boksi la Kiingereza lina pakiti 24, zidisha kwa 12 unapata kadi 288, inasikika nyingi eti, sasa tatizo liko hapa: deki inahitaji kiongozi mmoja na kadi 50, na hizo 50 lazima zifanane rangi na kiongozi, na rangi ziko sita, nyekundu, kijani, bluu, zambarau, nyeusi na njano. Boksi linakuletea mchanganyiko wa zote. Mtagawana mtajikuta kila mtu ana rundo lisilochezeka na mmoja kapata kadi ya bei anataka kuiuza, urafiki wenu wa tangu darasa la kwanza unaishia hapo.

Nunueni stata deki mbili za rangi tofauti, basi. Kila moja inakuja imekamilika, kiongozi, kadi 50 na zile kadi 10 za DON ambazo ndo mtaji wa kulipia kadi nyingine. Wawili wanacheza, wawili wanaangalia na kubisha, mnapokezana, mechi ni kama nusu saa hivi. Mkishazielewa mnaanza kuongeza kadi moja moja kwa kununua ile ile mnayoitaka kutoka kwa mtu aliye nayo, sio kwa kuchana pakiti. Mumtafute mtu wa kuaminika Dar awatumie kwa basi, na mwambieni awapigie picha kabla hamjatuma hela. Msikimbilie za Kijapani kwa sababu ni za bei nafuu, pakiti ina kadi 6 tu na hakuna hata mmoja wenu atakayezisoma.

Kwa ajili ya wale wawili wanaosubiri, mnaweza kuchapisha kadi za mazoezi stesheneri, karatasi unaipachika mbele ya karata ya kawaida kwenye slivu, yaani kile kimfuko cha plastiki cha kuvalisha kadi. Najua kuna watu watanijia juu kwa hili. Kwenye mashindano rasmi haziruhusiwi na ni haki, lakini nyie mko Masasi mnajifunza. Sharti ni moja, hiyo ya karatasi isiuzwe na isibadilishwe na ya kweli hata siku moja. DON ndo hazina shida kabisa, tumieni kete za bao.

*Mjomba shikamoo. Mi ndo nasimamia kijiwe cha Mikindani. Wageni wanakuja wanacheza mara moja hawarudi. Tuna jamaa mmoja deki yake kali, ndugu yake yuko Dubai ndo anamletea, kila mgeni anamkamata yeye, anamfunga haraka haraka halafu anacheka. Wenzangu wanataka tumfukuze. Msimamizi, Mikindani.*

Marahaba. Msimfukuze, mpeni kazi. Mtu anayeujua mchezo kiasi hicho ndo mwalimu wenu, tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia. Mwambieni anapocheza na mgeni anaacha deki yake ya Dubai kwenye begi na anachukua stata deki ya kijiwe. Akigoma, basi acheze na wakongwe tu, mgeni asikae naye. Wazee wetu wa bao hawakumfundisha mtu kwa kumfunga kila jioni, walikuwa wanamwacha anakula kete kidogo mpaka anogewe.

Na mchezo wenyewe umetengenezwa ili anayepigwa asikate tamaa, hili nalipenda sana. Kiongozi wako anaanza na uhai, kwa kawaida kadi 4 au 5 zimelazwa kifudifudi. Ukipigwa, ile kadi ya uhai inakuja mkononi mwako. Yaani unapungukiwa uhai lakini unaongezewa silaha, mpaka uhai uishe na upigwe tena ndo umekufa. Sasa mgeni hajui hilo, anaona anapigwa tu anajua ameisha, na jamaa yenu hamwambii. Mechi ya kwanza ya mgeni ichezwe mikono wazi, kadi zote zinaonekana, na kuna mtu pembeni anamwambia hii itunze, hii toa. Maandishi ni ya Kiingereza na ni madogo, kwahiyo kila kadi inayotua mezani anayeitoa aseme kwa sauti inafanya nini, kwa Kiswahili, hata kama wenzie wanaijua. Mtu mzima hawezi kuuliza kila dakika hii imeandikwaje, ataona bora arudi kwenye keram.

Mambo mengine mawili umeniandikia huko chini. La mtoto aliyebadilishiwa kadi ya bei kwa vikadi vitano vya hovyo, kadi yake irudishwe leo leo, sio kesho, na kuanzia sasa mtoto habadilishani mpaka mkubwa wa nyumbani kwao ajue. Kijiwe kikishapata jina la kutapeli watoto Mikindani nzima itajua kabla ya swala ya ijumaa. Na kuhusu wasichana kutokuja, angalia saa mnazochezea. Mnaanza jioni mnamaliza usiku, mtoto wa kike gani ataruhusiwa? Anzeni asubuhi, malizeni kabla ya magharibi, na mkae sehemu inayopita watu, sio kule nyuma kwenye vijiti.

*Kaka, nina duka la vifaa vya shule Lindi mjini. Vijana wananiomba nilete hizi kadi. Kuna mtu kanipa bei ya chini sana, boksi zimefungwa nailoni vizuri. Nilete? Mwenye duka, Lindi.*

Bei ya chini sana ndo jibu lenyewe. Feki zipo nyingi na zinafungwa nailoni vizuri tu. Mwombe akupe pakiti moja, tafuta kijana mwenye stata deki halali, wekeni kadi mbili sambamba juani. Angalieni mgongo, rangi ya feki mara nyingi imepauka au imezidi, karatasi ni laini kupita kiasi, maandishi madogo yamevujiana. Ukiuza feki mara moja, hao vijana hawatanunua kwako hata rula. Na ukileta halali usijaze kabati, anza na stata deki chache na slivu, slivu zitakutoa kuliko pakiti. Kama una nafasi weka meza moja na viti pale nje, watanunua soda.

*Mjomba kadi zangu zinajikunja kama samaki mkavu hasa zile za kung'aa, halafu moja imelowa chai. Naweza kupiga pasi? Shangani.*

Usipige pasi! Zile za kung'aa zina tabaka la kung'aa juu na karatasi chini, karatasi inanyonya unyevu, tabaka halinyonyi, ndo maana zinajikunja, na wewe uko pembeni ya bahari, kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ikiwepo ndo balaa. Zivalishe slivu, ziweke kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, humo tupia vile vipakti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, juu yake kandamiza na kitabu kizito siku kadhaa. Na mezani pigeni marufuku korosho za kukaanga, mafuta na chumvi vinaharibu kadi kuliko mvua, ukitaka kula nenda kando kula, nawa, rudi. Ile ya chai ikaushe kivulini katikati ya karatasi nyeupe, ikikauka na doa utaichezea hivyo hivyo ndani ya slivu, ila usijaribu kumbadilishia mtu.