Geji ya ndege isiyo na jina: anza na mgongo wake

Geji iliyonihangaisha kuliko zote ilikuwa na uso mweusi, namba nyeupe kuanzia 0.6 hadi 1.8, na mshale mmoja. Basi. Hakuna neno lolote, hakuna kizio, hakuna jina la kiwanda. Kibati cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa, yamebaki matundu mawili ya ribiti. Kilichonisumbua zaidi ni mshale wenyewe: ulisimama penye 1, katikati ya njia. Nikaigonga kidogo kwa kidole, ukatetemeka, ukarudi palepale. Nikajua imeharibika, na nilikaribia kabisa kufungua kioo ili niurudishe mshale mwanzoni.

Nashukuru sikufungua. Ile 1 ndiyo iliyokuwa jibu, na kama ningeusogeza mshale ningeharibu geji nzima iliyodumu miaka mingi kuliko umri wangu.

Na kuna sababu nyingine ya kutofungua kioo, ambayo nakuomba uisome hata kama huna haja na mengine yote. Geji nyingi za ndege zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiumu, metali inayotoa mionzi, kwenye namba na mshale ili rubani azione gizani. Rangi hiyo ikizeeka huwa ya maziwa yaliyoungua au ya kahawia. Watu huizima taa, wakiona haing'ai wanasema imekufa. Kilichokufa ni unga uliokuwa ukigeuza mionzi kuwa mwanga. Radiumu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1600, kwa hiyo ile ya mwaka 1940 bado iko karibu yote. Kioo kikiwa kizima na kasha limefungwa, vumbi la rangi linabaki ndani, na hilo ndilo la muhimu, maana hatari kubwa ni kulivuta au kulimeza. Usiikwangue, usiifungue, usiiweke chumba cha kulala, na ukiwa nazo kadhaa zihifadhi mahali panapopita hewa. Iliyovunjika kioo itie kwenye mifuko miwili ya plastiki, nawa mikono, kisha uwaulize wanaosimamia mionzi katika nchi yako namna ya kuiondoa. Kipimamionzi kidogo cha Geiger ni chombo cha kwanza ambacho ningemshauri yeyote mwenye mapenzi haya ya geji kuukuu akinunue, kabla ya bisibisi.

Haya, sasa igeuze.

Mgongo wa geji ni mkweli kuliko uso wake. Uso unaweza kufutika, kupakwa rangi upya au kubadilishwa karakana, lakini mgongo unaonyesha geji ilikuwa ikilishwa nini: hewa, umeme, oili au mzunguko wa injini. Tundu moja lenye hesi za kufungia bomba, lisilo na dalili ya oili, huwa ni la hewa: inaweza kuwa altimita (kipimo cha kimo cha ndege), kipimo cha kupanda na kushuka, au presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Matundu mawili, hasa yakiwa na herufi P na S, ni kipimo cha spidi. P huenda kwenye bomba la Pitot linalotazama upepo, S kwenye hewa tulivu ya ubavuni. Kibomba chembamba cha shaba kilichochomolewa pamoja na geji, chenye kirungu mwishoni, ni kipimo cha joto, na ndani yake kuna kimiminika au gesi iliyofungiwa. Ukikikata umeiua. Kishimo cha mraba kinachozunguka ni cha kipima mizunguko ya injini. Kizungushe kwa vidole tu, mshale utaitika.

Upande wa umeme unahitaji subira. Ukiona nguzo mbili za skrubu zenye unene tofauti, shuku mara moja kuwa ni themokapo, yaani kipimo cha joto la vichwa vya silinda au la moshi wa injini. Unene umetofautishwa makusudi ili fundi asigeuze waya. Nyingi kati ya hizi zina springi ya metali mbili ndani, kwa hiyo mshale huonyesha joto la chumba hata bila kuunganishwa na kitu. Ishike kwenye viganja dakika kumi uone kama unapanda polepole. Usiweke betri. Hata maltimita ikipima ukinzani hutuma umeme kidogo, na umeme huo unaweza kuutupa mshale hadi ukutani, kwa sababu geji imezoea vipande vya volti vidogo mno. Yenye plagi ya pini nyingi iache kwa mwenye michoro yake. Baadhi hutumia volti 26 za umeme wa kubadilika kwa mizunguko 400 kwa sekunde, na huo haupatikani ukutani.

Ukishajua chakula chake, tazama mshale umelala wapi. Geji ya presha ya oili, petroli au haidroliki isiyounganishwa hulala sifuri. Kipimo cha kupanda na kushuka hulala kikielekeza kushoto, penye namba 9 ya uso wa saa, kwa sababu sifuri yake iko hapo: juu ni kupanda, chini ni kushuka. Altimita ina kitufe cha kurekebishia na mara nyingi kidirisha chenye namba zinazozunguka karibu na 29.92 au 1013, yaani presha ya hewa kwa inchi za zebaki au kwa milibari. Ukipanda nayo ngazi za ghorofa tatu au nne mshale wa mamia ya futi unasogea, mradi uigonge kidogo.

Halafu kuna geji ambayo haijui sifuri, na ndiyo ilikuwa yangu. Kipimo cha presha ya hewa inayoingia kwenye injini husoma presha kamili, kwa hiyo hata mezani kinasoma hewa tunayoivuta. Jambo moja, nchi tatu, namba tatu: geji ya Marekani iliyoko usawa wa bahari husimama karibu na 30, maana inahesabu inchi za zebaki. Ya Uingereza husimama sifuri, ikihesabu pauni kwa inchi ya mraba zilizozidi au kupungua hewa ya kawaida. Ya Ujerumani husimama juu kidogo ya 1, kwa kizio kilichoitwa ata. Ukiwa mita 1500 juu ya bahari utaikuta ile ya Marekani karibu na 25 na ya Ujerumani karibu na 0.86. Hazijaharibika, zinakuambia ukweli wa mahali ulipo.

Nilihakikisha kwa maji. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje umbo la U ukutani, tia maji yenye rangi, unganisha ncha moja na kiungo cha T kinachokwenda kwenye geji na kwenye bomba la sindano la plastiki. Geji iwe juu kuliko maji, ili yasiingie kamwe. Ata moja ni sawa na mita 10 za maji. Nikavuta polepole mpaka tofauti ya maji pande mbili ikafika mita moja, nikagonga kasha: mshale ulikuwa umeshuka kwa 0.1, kama ulivyotakiwa. Nikaachia, ukarudi penye 1. Nilikaa nikauangalia muda mrefu. Chombo nilichotaka kukitengeneza kilikuwa kizima tangu mwanzo.

Maji hayohayo hupima geji ya spidi. Maili 100 za baharini kwa saa ni kama sentimita 16.5 za maji tu, na 200 ni kama 66, yaani mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana kwenye nyingi namba za mwanzo zimebanana. Na ndiyo maana usipulize kwa mdomo hata kidogo: mapafu ya mtu mzima yanazidi presha hiyo kwa mbali, na kibofu cha bati jembamba kilichomo ndani kinapasuka au kunyooka kisirudi.

Mihuri niliiacha mwisho, ingawa wengi huanza nayo. Baada ya kujua natafuta nini, nilisafisha ubavu wa kasha kwa pamba yenye unyevu na chini ya uchafu nikakuta Fl. ikifuatiwa na tarakimu, alama ya vyombo vya ndege za Ujerumani. AM yenye taji juu ni Uingereza, na namba zake za stoo za geji huanza na 6A. AN ni ya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani. Ukubwa nao husaidia kwa zile ndogo tu: tundu la dashibodi la milimita 57 mara nyingi ni la Kimarekani au Kiingereza, 60 mara nyingi ni la Kijerumani au Kirusi. Kwa kubwa, 79 na 80 zinakaribiana mno kuamua kitu.

Muuzaji atakutajia ndege fulani mashuhuri, na bei itapanda. Geji moja ilifungwa kwenye aina nyingi za ndege, kwa hiyo bila kibati au picha ya dashibodi ilimotoka, dai hilo sijawahi kulilipia. Wala usiifunge kwenye ndege inayoruka kwa kutegemea maji na bomba la sindano. Hiyo ni kazi ya karakana yenye kibali.

Yangu nimeifungia kikaratasi kwa uzi: presha ya hewa ya injini, ata, Ujerumani, imepimwa kwa maji, ina radiumu, isifunguliwe. Mstari wa aina ya ndege nimeuacha mtupu.