Jibu: bei_fc na bei_usd bado zinachanganyika

Jambo ndugu. Umesema kila bei umeipa jina linaloishia na _fc (franka za Kongo) au _usd (dola), lakini jumla ya siku bado inachanganya franka na dola, na kompaila ya TypeScript, yaani programu inayokagua msimbo wa lugha hiyo kabla haujaendeshwa, imenyamaza.

Tazama kwanza ulivyotangaza aina. Kama uliandika `type Dola = number` na `type Franka = number`, shida iko hapo: hayo ni majina mawili ya namba ileile, kompaila haioni tofauti.

Mimi yalinikuta kwenye programu ya farmasi moja hapa Bukavu. Majina yalikuwa safi kabisa. Usiku mmoja nikanakili mstari, nikabadilisha neno moja, la pili nikalisahau. Dola 3 zikajumlishwa na franka 2500, risiti ikaandika 2503. Muuzaji aligundua mbele ya mteja; iliniuma sana.

Nikatengeneza klasi mbili (aina mpya za data nilizojitungia), Dola na Franka, kila moja na kiasi chake kilichofungwa kwa `private` ili msimbo wa nje usikiguse, na njia ya kuongeza inayopokea aina yake tu. Sasa ukiweka alama ya + kati ya Dola na Franka, kompaila inakataa palepale. Kubadilisha pesa kunapita sehemu moja inayodai kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo.

Majina lakini usiyaache, hasa kwenye faili na safu za hifadhidata, maana huko kompaila haifiki. Chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa kwenye sayari ya Mars, kilipotea mwaka 1999 kwa kuchanganya vipimo namna hiyo: programu moja ilitoa vipimo vya nguvu kwa pauni, nyingine ikavisoma kama nyutoni.

Tuma huo mstari wa jumla tuuone.