Strungi, presha na tembe za kuongeza damu

SWALI: Mama yangu ana miaka 58, anaishi Bahati, Nakuru. Anatumia dawa za presha, na mwezi uliopita kliniki walimpima wakakuta damu imepungua, wakampa tembe za madini ya chuma. Jirani amemwambia aache chai ya maziwa, anywe strungi vikombe vitano kwa siku, ati inashusha presha na sukari. Sasa kila asubuhi anameza tembe zake kwa hiyo hiyo strungi. Je, jirani amemwambia kweli?

JIBU: Tuanze na tembe, maana hapo ndipo mama anapopata hasara kila asubuhi. Tembe ya madini ya chuma haimezwi kwa chai, iwe strungi au ya maziwa. Ule ukakasi wa chai unaokausha ulimi unatokana na polifenoli zilizomo kwenye majani. Polifenoli hizo zikikutana na madini ya chuma tumboni hushikamana nayo, na yakishashikwa hayapenyi ukuta wa utumbo. Yanatoka na choo. Maziwa nayo yana kalsiamu, ambayo pia huyazuia, kwa hiyo kurudi kwenye chai ya maziwa hakutamsaidia kwa hilo.

Ameze tembe akiamka, tumbo likiwa tupu, kwa glasi ya maji, kisha ale chungwa au pera, kwani vitamini C huyasaidia madini hayo kuingia mwilini. Chai ingoje muda wa saa mbili. Tembe zikimsokota tumbo, azimeze na chakula kidogo, lakini bila chai. Hata kwenye milo chai isiandamane na sahani: madini ya chuma yaliyo kwenye managu, terere na maharagwe hunaswa na chai kwa urahisi, kuliko yale ya nyama na maini. Akisubiri angalau saa moja baada ya kula, sehemu kubwa ya hasara hiyo huepukika. Nyanya au ndimu kwenye mboga ni msaada wa kweli.

Kuna jambo lisilohusu chai ambalo siwezi kulipita. Mwanamke aliyekoma hedhi akipungukiwa na damu, chanzo lazima kitafutwe. Huenda anavuja damu tumboni kidogo kidogo, kwa kidonda au kwa uvimbe. Tembe hufanya choo kiwe cheusi na hilo ni kawaida. Lakini kikiwa cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu presha, jirani ana ukweli kiasi. Majaribio yameonyesha kwamba chai nyeusi ikinywewa kila siku kwa miezi kadhaa hushusha presha kwa takriban pointi mbili au tatu tu. Hiyo haitoshi kuachia dawa. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa 2022, uliofuatilia watu karibu 500,000, ulikuta kwamba wanaokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa. Utafiti huo uliona uhusiano tu, haukuthibitisha kwamba chai ndiyo sababu. Siku ya kupima presha, asinywe chai ndani ya nusu saa kabla ya kipimo. Kafeini iliyo kwenye chai huipandisha kwa muda.

Kuhusu sukari ya damu, faida iko kwenye kile asichotia kikombeni. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Vikombe vitano vya vijiko viwili viwili ni gramu 40, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema ni bora mtu mzima asizidi kama gramu 25 kwa siku. Upishi una mkono wake hapa: majani yakitokoswa mpaka maji yawe meusi tii, uchungu unazidi na mtu anaufukuza kwa sukari. Achemshe maji, azime moto, atie kijiko kidogo kimoja cha majani kwa kila kikombe, afunike dakika tatu, achuje. Chai ya hivyo hunyweka hata bila sukari. Vikombe vitatu kwa siku vinamtosha, na cha mwisho kiwe alasiri ili apate usingizi.

Asiinywe ingali moto sana. Mwaka 2016 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ugonjwa unaoonekana sana Bomet na magharibi mwa Kenya. Akilazimika kuifyonza kwa sauti ili isimchome, bado ni moto mno. Aiache kikombeni wazi dakika kumi au zaidi.

Mwisho, maji. Visima virefu vingi vya Nakuru vina floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, na majani ya chai huongeza nyingine. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua ndipo inapokolea. Chujio la kawaida pia haliiondoi, ila lile la mkaa wa mifupa. Kama hapo nyumbani kuna wajukuu wa chini ya miaka minane, meno yao ya ukubwani bado yanaundwa ndani ya fizi, kwa hiyo wasipewe strungi, na maji yao yatoke kwenye mvua au chujio hilo.