Leja inasema nusu ni wanawake, mbona taarifa imerudishwa?

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, huku Tandahimba, Mtwara. Tulitakiwa kuandika taarifa ya jinsia na ujumuishi. Nilihesabu leja nikakuta karibu nusu ya wanachama ni wanawake. Mfadhili kairudisha, anasema sijapima ujumuishi. Nihesabu nini tena?

JIBU: Ndugu katibu, hesabu yako haina kosa. Ila leja inakuonyesha jina la nani limeandikwa, haikuonyeshi korosho ni za nani.

Anzia shambani. Wamakonde, kama Wamwera wa Lindi, kwa asili hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mikorosho inaweza kuwa ya mke au ya wajomba zake huku mwanachama ni mume. Kwingine mke kaandikishwa, lakini akaunti ya benki ni ya mume. Basi kwa kila kaya uliza: miti ya nani, nani alipulizia salfa, nani aliokota, stakabadhi ina jina la nani, na hela iliingia akaunti ya nani. Majibu yakipishana, hapo ndipo penye taarifa yako.

Halafu kuna kangomba, yaani kuuza korosho kwa magendo kabla ya mnada, ambayo leja haiioni kabisa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kupeleka korosho ghala kuu na kupewa risiti hadi ziuzwe, ulianza Mtwara msimu wa 2007/08, na sasa mkulima hungoja mnada ndipo alipwe. Mjane mwenye mgonjwa ndani hawezi kungoja. Anauza kwa bakuli usiku, na korosho zake zinafika ghalani kwa jina la mtu mwingine. Ukimuuliza "uliuza kangomba?" atakataa, maana ni kosa na wewe ni katibu! Uliza hivi: "Kabla ya mnada wa kwanza, hela ya matumizi mliipata wapi?" Na swali hilo aulize mwanamke, asiye kiongozi wa chama, mume akiwa hayupo.

Kuhusu bodi, kuhesabu viti ni mwanzo tu. Mtafiti wa Marekani, Rosabeth Moss Kanter, aliandika mwaka 1977 kwamba watu wa aina moja wakiwa wachache mno kwenye kundi, chini ya asilimia 15 hivi, wenzao huwaona kama wawakilishi wa aina yao na si watu wenye hoja zao. Fungua mihtasari ya vikao uone hoja za wanawake ni ngapi na ngapi zilipita. Kama mihtasari haiandiki nani kasema nini, liandike hilo pia kwenye taarifa.

Ulemavu usiuulize kwa jina lake, watu huona haya. Tumia maswali sita ya Kundi la Washington, wataalamu wa takwimu za ulemavu walio chini ya Umoja wa Mataifa: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana. Kila moja lina majibu manne, kuanzia hana shida hadi hawezi kabisa. Anayejibu "shida kubwa" au "hawezi" hata kwa swali moja, mhesabu. Lakini angalia jedwali: kama wanawake wenye ulemavu chamani ni wawili, kijiji kizima kitawajua hata usipoandika majina. Waunganishe na kundi kubwa zaidi.

Dodoso lipeleke baada ya Januari. Novemba, korosho zikiwa zimetapakaa chini ya miti, atakayekaa nawe saa nzima kujibu maswali si yule anayeziokota.