Maswali ya Wasomaji: Miezi na Makundinyota ya Ulimwengu wa Kubuni

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa barua za wasomaji wanaotunga hadithi za ulimwengu wa kubuni, ambao wamefika mahali pa kuinua macho na kujiuliza wahusika wao wanaona nini juu ya vichwa vyao.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninaandika riwaya inayotokea katika ulimwengu wenye miezi miwili, mmoja mkubwa na mweupe, mwingine mdogo na mwekundu. Kila mwaka, usiku wa sikukuu kuu, miezi yote miwili huwa mipevu. Katika sura ya tatu mhusika wangu anatoroka gerezani usiku wa manane, huku mwezi mweupe ukiwa mpevu na, kando yake, hilali nyembamba ya mwezi mwekundu ikichomoza. Rafiki aliyesoma mswada anasema anga hiyo haiwezekani. Je, katika hadithi ya kubuni kuna lisilowezekana? *Mwandishi chipukizi*

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekusomea kwa makini, na ningekuomba umpe mswada unaofuata pia. Unaweza kuamuru lolote katika ulimwengu wako, hata miezi ing'ae kwa uchawi, mradi uliseme hilo mapema na ulishike hadi mwisho. Lakini kama miezi yako inaangazwa na jua, sura ya mwezi haichaguliwi upya kila usiku kwa kadiri ya hisia za mhusika, kwa sababu inatokana na mahali mwezi ulipo angani ukilinganishwa na jua. Mwezi mpevu uko upande ulio kinyume na jua, na ndiyo maana huchomoza jua linapotua na kufika juu kabisa usiku wa manane. Hilali iko karibu na jua, kwa hiyo huonekana magharibi muda mfupi baada ya jua kuzama, au mashariki muda mfupi kabla ya mapambazuko. Usiku wa manane huwa imekwisha kutua au haijachomoza. Mwezi unaochomoza usiku wa manane ni ule wa nusu, unaoelekea kufa.

Kutokana na hayo, miezi miwili inayoonekana kando kwa kando lazima iwe na sura zinazokaribiana, kwa kuwa yote miwili inapokea nuru kutoka upande mmoja. Ikiwa mmoja ni mpevu na mwingine ni hilali, kati yao kuna karibu anga nzima, na huu unapopanda kutoka mashariki, ule unashuka magharibi. Tena mwezi mpevu ni adui wa mtoro, kwani mbalamwezi yake ni kali kuliko ya nusu mwezi kwa takriban mara 10, wala si mara 2 kama wengi wanavyodhani. Mimi ningemtorosha mhusika wako usiku ambao mwezi mweupe ni nusu unaokufa. Atakuwa na giza hadi usiku wa manane, kisha nuru itachomoza mashariki wakati bado hajafika msituni.

Kuhusu sikukuu, chukua karatasi upige hesabu. Tuseme mwezi mwekundu uko karibu zaidi na hukamilisha sura zake zote kwa siku 11, nao mweupe ulio mbali hukamilisha zake kwa siku 40. Wa karibu lazima uwahi, na hapo huna hiari, maana kanuni aliyoitangaza mwanafalaki Johannes Kepler mwaka 1619 kuhusu sayari inaitawala miezi vilevile. Ikiwa leo yote miwili ni mipevu, itapevuka tena pamoja barabara baada ya siku 440. Mwaka wa ulimwengu wako ukiwa na siku 352, siku hizo 440 ni mwaka mmoja na robo. Sikukuu yako basi haiwezi kuwa ya kila mwaka: itaangukia mwanzo wa mvua, mara ifuatayo itaangukia mwanzo wa msimu wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, na itarudi palepale ilipoanzia baada ya miaka 5 kamili. Mtoto aliyezaliwa usiku wa sikukuu ya mvua ataiona sikukuu ya mvua nyingine akiwa na miaka 5, na mzee wa miaka 70 atakuwa ameziona 14 baada ya ile aliyozaliwa nayo.

Yako pia makutano yanayokaribia kutimia. Siku ya 120 mwezi mweupe unapevuka, lakini mwekundu utapevuka kesho yake. Siku ya 320 mweupe unapevuka, na mwekundu ulipevuka jana. Kwa kuwa mwezi wa siku 11 hubadilika haraka, hiyo siku moja inatosha kwa jicho kali kuona kwamba umemegeka ukingoni. Hapo umepata mgogoro wa makuhani wawili, mmoja anayesema sikukuu imetimia na mwingine anayekataa, na hukuhitaji kumbuni mwovu yeyote.

Jambo hili la mwisho linaigusa lugha yenyewe. Sisi hutumia neno moja, *mwezi*, kwa kile kilichoko angani na kwa muda tunaouhesabu, na mwezi ukiandama tunaanza hesabu upya. Watu wa ulimwengu wako watasemaje? Mweupe unaingia katika mwaka mara 8 na kubakiza siku 32, ilhali mwekundu unaingia mara 32 bila kubakiza hata siku moja. Naona wakulima wangehesabu kwa mwekundu. Mwanamke akisema amekaa “miezi mitatu” bila habari za mumewe, msomaji ana haki ya kujua kama ni siku 33 au 120, na nitafurahi sana ukilitatua hilo ndani ya mazungumzo yao badala ya kutuwekea maelezo pembeni.

SWALI: Mimi naandika kuhusu wavuvi. Miezi miwili itaifanya nini bahari? *Msomaji wa siku nyingi*

JIBU: Nitaendelea na miezi ileile ya barua ya kwanza ili hesabu isitupotee. Nguvu ya mwezi ya kuinua maji hupungua upesi sana kwa umbali: mwezi uleule ukisogezwa karibu hadi nusu ya umbali wake, nguvu hiyo huongezeka mara 8. Kwa hiyo mwezi mdogo ulio karibu unaweza kuisukuma bahari sawasawa na mkubwa ulio mbali. Jua nalo lina sehemu yake, ambayo katika bahari zetu haifikii nusu ya ile ya mwezi.

Bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, hutokea mwezi unapokuwa mpevu na tena unapoandama, kwa sababu nyakati zote mbili jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na maji mafu, yaani bahari inapojaa kidogo tu, hutokea mwezi unapokuwa nusu. Wavuvi wako watakuwa na bamvua ndogo ya mwezi mwekundu kila baada ya siku 5 na nusu, na bamvua ya mweupe kila baada ya siku 20. Zote mbili hukutana kila baada ya siku 220, sio 440. Usiku wa siku ya 220 mwekundu ni mpevu, lakini mweupe umefichwa na jua na hauonekani kabisa, na bado bahari inajaa kama ilivyojaa usiku wa sikukuu. Mvuvi mzee anajua. Mgeni anayeangalia juu, akaona kamwezi kamoja kadogo na kuiacha mashua yake chini ufukweni, asubuhi hataikuta.

SWALI: Nimechora ramani ya nyota za ulimwengu wangu, na nimeyapa makundinyota 12 majina ya wanyama. Bado yanaonekana kama mapambo tu. Nimekosea wapi? *Msomaji na mchoraji*

JIBU: Sidhani umekosea katika kuchora. Nadhani umezianza nyota kabla ya watu. Nyota zimetawanyika zenyewe, lakini kundinyota ni kazi ya macho ya watu wenye shughuli fulani. Nyota saba zilezile za kaskazini ambazo wengine huziona kama sehemu ya Dubu Mkubwa, wengine wameziita jembe la kukokotwa, na wengine gari la kukokotwa. Wataalamu wa nyota wa leo wamekubaliana kuhusu makundinyota 88, ambayo mipaka yake ilichapishwa mwaka 1930, lakini Ptolemaio wa zama za kale aliorodhesha 48, na hakuwa na macho mabovu. Sehemu ya anga ya kusini haikuwa ikionekana kutoka alipokuwa.

Angalia neno letu Kilimia, ambalo chanzo chake ni kulima. Wahenga hawakuliita kundi lile kwa umbo lake. Waliliita kwa kazi ambayo liliwaamsha kuifanya, wakaacha na usemi kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Linawezekana kwa sababu kila nyota huchomoza mapema kwa karibu dakika 4 kila siku, hivi kwamba hupotea katika mwanga wa jua kwa muda, kisha huonekana tena alfajiri katika siku zilezile za mwaka. Misri ya kale ilingoja hivyohivyo kuonekana upya kwa nyota ya Shira, kwa kuwa kulikaribiana na mafuriko ya mto Nile. Basi waulize watu wako wanangoja nini: mvua, samaki, upepo wa kusafiria, au mwisho wa baridi? Kila kinachongojewa kitastahili nyota yake, na huenda kati ya wanyama wako 12 wakabaki wanne tu.

Usisahau pia giza. Wenyeji wa kale wa Australia humwona emu, yule ndege mkubwa asiyeruka, katika mawingu meusi yanayokatiza Njia Nyeupe, na Wainka wa Amerika Kusini walimwona lama katika weusi huohuo. Mwanzoni jambo hili lilinishangaza: kundinyota lisilo na nyota hata moja! Kama ulimwengu wako una miezi zaidi ya mmoja, usiku wenye giza totoro utakuwa adimu, nacho kiumbe cha giza kitaonekana katika usiku ule tu ambao miezi yote imezama. Kitu kinachoonekana kwa nadra hivyo, watu watakiheshimu au watakiogopa, na hapo ramani yako haitakuwa pambo tena.

SWALI: Ninataka mwezi unaochomoza magharibi, na miezi mingine mitatu inayojipanga kwenye mstari mmoja siku ya unabii. Nitachekwa? *Msomaji mpya*

JIBU: La kwanza liandike bila hofu. Phobos, mwezi wa Mirihi uliogunduliwa na Asaph Hall mwaka 1877, huizunguka sayari yake kwa saa 7 na dakika 39, haraka kuliko Mirihi inavyojizungusha, na kwa hiyo huchomoza magharibi na kutua mashariki. La pili linategemea mwendo utakaouchagua. Miezi mitatu ya Mshtarii, yaani Io, Europa na Ganymede, imefungamana hivi kwamba Ganymede ikizunguka mara 1, Europa huzunguka mara 2 na Io mara 4, na katika mpangilio huo kamwe haijipangi yote mitatu upande mmoja wa sayari. Ukiiga mwendo huo, una unabii ambao hautatimia milele, na mtu wa kwanza kuujua ukweli huo ni yule anayejua hesabu.

SWALI: Wahusika wangu wametoka duniani wakahamia kwenye sayari ya nyota jirani. Wataziona nyota zetu? *Msomaji*

JIBU: Karibu zote. Nyota angavu za kundinyota la Jabari (Orion) ziko mbali kwa mamia ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), na tukichukulia kwamba nyota jirani yako ni Alfa Sentauri, safari ya kufika huko, yenye miaka ya nuru 4.4 hivi, haitoshi kulibadilisha umbo lake. Nyota za karibu kama Shira zitakuwa zimehama. Na katika kundinyota la Mke wa Kurusi, linalojulikana pia kama Cassiopeia, ambalo umbo lake la mkunjo lina nyota tano kuu, watahesabu ya sita, yenye nuru kali na rangi ya manjano hafifu. Hiyo ndiyo jua letu.